Laptopu kuukuu imegoma kuwaka

SWALI: Nina laptopu ya mwaka 2011 iliyokaa kabatini muda mrefu. Nikiiwasha, taa inawaka na feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi tii. Fundi ameniambia mazabodi (bodi kuu ya mashine) imekufa. Je, ni kweli?

JIBU: Inawezekana, ila ni mapema mno kuitolea hukumu. Taa na feni zinaonyesha kwamba umeme unafika. Kisichojulikana bado ni kama mashine inamaliza ule ukaguzi inaojifanyia yenyewe kabla ya kuita Windows. Washa, subiri kidogo, kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ubonyezapo, mashine ni nzima na kasoro iko upande wa skrini. Mulika skrini kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona maandishi hafifu, basi taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa. Ukiunganisha skrini ya nje kwa waya wa VGA au HDMI utapata uhakika.

Caps Lock ikiwa kimya, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe. Rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu tena. Betri ikiwa imevimba usiirudishe kabisa, wala usiitoboe.

Bado? Nenda kwenye RAM, kadi ya kumbukumbu ya muda. Hapo ndipo mashine nyingi zilizolala hufufukia, kwa sababu meno ya kadi hupata utando mwembamba unaozuia mguso. Chaja na betri zikiwa zimetolewa, fungua kifuniko cha chini na utanue vibanio viwili vya pembeni. Kadi itanyanyuka yenyewe. Sugua meno taratibu kwa ufutio mweupe laini, pangusa kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Msasa usiusogeze hapo, utakwangua dhahabu yenyewe. Kuirudisha ndiko wengi wanakokosea: kadi huingia kwa mshazari, husukumwa hadi meno yakaribie kupotea ndani ya soketi, ndipo inalazwa mpaka vibanio vyote viwili vilie. Ukiilaza kabla haijafika mwisho, upande mmoja hauingii sawasawa na skrini itabaki nyeusi vilevile.

Kama kadi ni mbili, jaribu moja moja katika kila soketi. Ni majaribio manne. Kila mara ipe mashine dakika mbili, kwani nyingine hujizima na kujiwasha zenyewe zikikuta RAM imebadilika. Ikianza kupiga milio, hiyo ni habari njema: mashine inajaribu kukueleza kinachoiuma. Hesabu milio na utafute maana yake kwenye kitabu cha modeli yako, maana kila kampuni ina mpangilio wake. Ukilazimika kununua kadi, angalia volti: RAM ya aina ya DDR3 ya kawaida hutumia 1.5, DDR3L hutumia 1.35, na mashine iliyotengenezwa kwa 1.35 pekee inaweza kugoma na kadi ya 1.5.

Ukimaliza haya yote na bado ni kimya, maneno ya fundi yanaanza kuwa na uzito.

SWALI: Laptopu yangu ilikuwa ikisahau saa na tarehe. Nimebadilisha ile betri ndogo ya ndani, sasa Windows inaanza kupanda, inatoa skrini ya bluu, inajiwasha upya. Nimeharibu diski?

JIBU: Hujaharibu. Betri hiyo, mara nyingi CR2032 ya volti 3 (kwenye laptopu nyingi imeviringishwa plastiki na ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi), ndiyo hulinda saa na, kwenye mashine za zamani, mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows). Ulipoitoa, mipangilio ilirudi ya kiwandani. Ingia BIOS, mara nyingi kwa F2, F10 au Delete mara tu unapowasha, utafute mpangilio wa SATA, yaani jinsi mashine inavyowasiliana na diski; chaguo zake huwa AHCI na IDE. Windows iliyowekwa chini ya AHCI haipandi ukiipa IDE, na kinyume chake. Badilisha, hifadhi, jaribu. Mashine ikisema haioni mfumo wowote, angalia UEFI na Legacy, njia mbili za kuanzisha mfumo, kwa namna hiyohiyo. Rekebisha saa pia, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Tafadhali usikimbilie kuweka Windows upya. Watu hupoteza mafaili yao kwa kosa la kubofya mahali pamoja tu.

SWALI: Yangu haionyeshi hata taa. Nianzie wapi?

JIBU: Kwenye chaja. Pima ncha yake kwa mita ya umeme: iliyoandikwa volti 19 isome kati ya 18.5 na 20. Chaja ya kuazima iwe na volti zilezile na ampea sawa au zaidi, na ncha iingie bila kulazimishwa. Tazama pia taa ya chaja yenyewe. Ikizima pale tu unapochomeka kwenye laptopu, kuna shoti ndani au chaja imechoka. Ijaribu chaja nyingine mara moja tu, na taa ikizima tena, peleka kwa fundi wa mazabodi.

SWALI: Mashine siitaki tena, nataka picha zilizomo tu.

JIBU: Basi usihangaike kuiwasha. Toa diski, mara nyingi ni skrubu chache tu, uiunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB. Unakili picha kwanza, mengine baadaye. Ukiombwa kuifomati, kataa. Diski ikigongagonga kwa mlio wa tik-tik, ichomoe papo hapo, kwani kila dakika inayozunguka inaweza kukwangua sahani zenye picha hizo. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data. Ikiwa haigongi ila inasoma kwa kukwama, tumia programu ya ddrescue kwenye Linux (mfumo mwingine wa kompyuta, mbali na Windows): huchukua kwanza sehemu zisizoharibika, kisha hurudia zile mbovu.