Printa ya Nyumbani: Uliza Wino Kabla ya Bei

Printa ya bei ya chini kabisa dukani mara nyingi ndiyo inayomla mwenye nayo. Kampuni huiachia mashine kwa faida ndogo, kisha hujilipa kwenye katriji, yaani kasha la wino. Ili usitumie wino mwingine, katriji huwekewa chipu, kifaa kidogo cha kuitambulisha: printa ikikuta chipu si ya kampuni yake, inagoma hata kama wino umejaa. Tena apdeti ya programu ya printa ikiingia kupitia intaneti, katriji iliyochapa jana inaweza kukataliwa leo.

Kwa hiyo, uwe Barabara ya 12 Ngamiani au duka lolote la Tanga, soma kwanza jina la modeli kwenye boksi. Printa za HP ambazo jina linaishia na herufi "e", kama DeskJet 2720e, zinakuja na mpango wa HP+. Ukishajiunga, printa inadai intaneti, akaunti na wino wa HP wenyewe maisha yake yote. Ukiona ukurasa wa kujiunga unapoiwasha mara ya kwanza, kataa.

Printa ya mtumba kutoka Ulaya au Dubai ina mtego wake: modeli nyingi hupokea katriji za kanda zilikouzwa tu. Usilipe mpaka ichape mbele yako kwa katriji iliyonunuliwa hapa. Iliyotoka Marekani, tazama kibandiko cha nyuma. Kama volti zilizoandikwa hazifiki 220–240, iache.

Kwa familia inayochapa mitihani ya watoto, chukua ya tenki, mfano Epson L3250 au Canon G3420. Unamimina wino wa chupa, na chupa haina chipu. Ile nyeusi ya Epson ni mililita 65, na kampuni inaikadiria kurasa 4,500. Lakini tenki nalo lina donda lake: kila unaposafisha hedi, sehemu inayotoa wino, wino unaenda kwenye sponji ya chini, na kihesabio cha wino huo kikifika mwisho printa inasimama. L3250 itahitaji fundi wa kubadili sponji na kurudisha kihesabio sifuri. G3420 ina boksi la wino taka unalobadili mwenyewe, na kwangu hilo pekee linatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Unachapa mara chache, tena maandishi meusi tu? Nunua ya leza. Tona, yaani wino wake, ni unga, haikauki.

Ya wino ichapishe ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, na uizime kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani. Kitufe ndicho kinachorudisha hedi kwenye kifuniko. Ikibaki wazi, wino unakauka kwenye matundu. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi iwashe, kisha uizime kwa kitufe. Ili apdeti zisiingie, tumia waya wa USB, au waifai ya moja kwa moja na simu, na uzime apdeti za otomatiki kwenye mipangilio. Karatasi zibaki ndani ya kifungashio chake, hasa masika: zikinyonya unyevu wa pwani, zinajikunja na kukwama.