Kabla hujaazima kutoka kwa wachoraji wakongwe

Unapotaka mchoro wako uzungumze na mchoro wa zamani, usianze na umaarufu wake. Anza kwa kuuliza: kitu hiki ninachotaka kukichukua kinafanya kazi gani pale kilipo? Ukishajua, ndipo utaweza kukipa kazi nyingine.

Mtazame Manet, mchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19. Katika Venus wa Urbino, mchoro wa mwaka 1538 wa Titian, mchoraji wa Italia, kijibwa kimejikunja miguuni pa mwanamke, kimelala; wengi hukisoma kama ishara ya uaminifu. Katika Olympia ya Manet (1863) mwanamke amelala karibu vilevile, ila palipokuwa na kijibwa sasa pana paka mweusi, mgongo juu. Mnyama mmoja tu, na utulivu wote wa chumba umetoweka. Manet hakubahatisha. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameunakili mchoro huo wa Titian kwa rangi za mafuta.

Nawe nakili, hata kwa penseli. Macho hupita haraka. Mkono ndio unaolazimika kusimama pale ukingo wa pazia zito, lililo nyuma katika mchoro wa Titian, unaposhuka wima hadi usawa wa mapaja ya mwanamke, na kukuonyesha jinsi Titian alivyoliongoza jicho lako. Ni kweli, Francis Bacon, mchoraji wa karne ya 20, alimchora upya Papa Innocent X aliyechorwa na Velázquez, Mhispania wa karne ya 17, akitegemea picha zilizochapishwa, lakini alizirudia kwa miaka mingi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchoraji wa Marekani Kerry James Marshall, School of Beauty, School of Culture (2012). Ni saluni iliyojaa watu weusi, na mbele yao kinaelea kichwa cha binti wa katuni mwenye nywele za dhahabu, kimevutwa hadi kupinda. Ukitaka kukiona sawasawa, lazima usimame pembeni. Mbinu hiyo ni ya Holbein, mchoraji Mjerumani, aliyepitisha fuvu namna hiyo mbele ya mabalozi wawili mwaka 1533. Fuvu liliwakumbusha matajiri kifo. Kwa Marshall, kinachoinyemelea saluni ni kipimo cha urembo kilicholetwa na wengine, na mtoto mdogo ameinama akikichungulia. Asiyemjua Holbein bado ataona kuna kitu hakiko sawa mle ndani. Mchoro wako nao usimame hivyo, hata kwa mtazamaji asiyejua ulikoazima.

Chanzo usikifiche, Bacon alimtaja Velázquez kwenye jina la mchoro wake wa 1953. Na kama mwenye kazi yu hai, mwombe ruhusa kabla hujagusa turubai.