Maswali na majibu: kupaka rangi sanamu ndogo

Barua za safari hii zinahusu sanamu ndogo za michezo ya mezani, zile za kimo cha milimita 28 hivi.

Nikimaliza kupaka, pua na vidole havionekani tena. Je, brashi yangu ni mbovu?

Brashi haina kosa, rangi ndiyo nzito. Usiichote rangi ya akriliki (ile inayochanganyika na maji) kwenye kichupa na kuipeleka moja kwa moja kwenye sanamu. Weka tone kwenye kigae, ongeza maji kidogo kidogo hadi iwe nyepesi kama maziwa, kisha gusisha brashi kwenye tishu ipunguze maji. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka. Hapo ndipo wengi hukosa subira wakaongeza rangi nzito. Liache likauke, upake la pili, na la tatu likihitajika.

Ninunue brashi ya namba ngapi?

Namba 1 au 2 yenye ncha kali. Zile nyembamba za 000 hazibebi rangi ya kutosha, na hiyo kidogo hukaukia nchani kabla hujafika kwenye jicho. Kwa kuanzia, nywele za sintetiki zinatosha kabisa.

Niko Mombasa. Rangi inakauka hata kabla sijamaliza mkono mmoja.

Tengeneza paleti ya unyevu, yaani kibao cha kuchanganyia rangi kisichokauka upesi. Chukua kopo bapa la plastiki lenye mfuniko, tandika sponji iliyolowa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Maji yatapenya polepole na rangi itabaki laini kwa saa nyingi. Ioshe sponji mara kwa mara, maana huota ukungu. Na kwa kuwa uko pwani, siku zenye unyevu mwingi usipulize vanishi (tabaka la mwisho la kulinda rangi) ya spreyi isiyong'aa: inaweza kuacha utando mweupe juu ya kazi yote. Tumia ya kupaka kwa brashi.

Shikamoo mwalimu. Nataka mashujaa wangu wawe na ngozi kama yetu, lakini wanatoka wamepauka kama waliopakwa majivu.

Marahaba. Nimefurahi mno kulipata swali hili, kwa sababu vichupa vingi vilivyoandikwa "ngozi" vina rangi ya waridi hafifu, na maelekezo mengi yanafuata hivyo hivyo.

Kinacholeta majivu ni rangi nyeupe. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo. Kwenye vivuli, yaani chini ya kidevu, makwapani na kandokando ya pua, ichanganye na buluu iliyokolea au zambarau. Nyeusi tupu huua ngozi. Panapopata mwanga, ongeza njano ya udongo au machungwa kidogo, nyeupe iweke mbali. Kisha kaa karibu na dirisha uutazame mkono wako. Kwenye ngozi nyeusi mwanga hausambai sana, hung'aa sehemu ndogo na kwa ukali: kwenye kifundo cha kidole, kwenye mfupa wa shavu, katikati ya paji la uso. Basi viboko vyako vya mwisho viwe vidogo na vya wazi. Viganja vipe rangi nyepesi zaidi, na mdomo wa chini wekundu kidogo. Tena usiwapake kikosi kizima kahawia moja. Hata ndugu wa tumbo moja hawalingani weusi.

Naona haya kuonyesha kazi yangu kwa wenzangu wanaojua zaidi.

Ionyeshe ingali katikati, wakati bado inarekebishika. Piga picha baada ya praima (rangi ya awali inayosaidia nyingine kushika), baada ya rangi ya msingi na baada ya vivuli, na uandike ulichanganya nini na nini. Usiulize "mnaonaje?", uliza jambo moja: "Kivuli cha shavuni kimezidi?" Utajibiwa jambo moja unaloweza kulifanyia kazi jioni hiyo hiyo. Picha ipigwe kwa mwanga wa dirishani, jua lisiipige sanamu moja kwa moja, na nyuma weka karatasi ya kijivu, kwa sababu nyeupe huifanya kamera ya simu itie giza sanamu. Usisahau kupiga na mgongoni.