Daraja na majengo ya jiji usiku: fika kabla giza halijaingia

Mkuu, umesema picha zako zinatoka na anga jeusi tii, taa zimeungua zikawa nyeupe, na majengo ya ng'ambo hayako makali ingawa tripodi (stendi ya miguu mitatu) unayo na umeisimamisha pale juu ya daraja. Mimi nimehangaika na hayo hayo kwa muda mrefu, kwa hiyo acha nikueleze kwa kirefu.

La kwanza ni saa. Nilikuwa natoka saa tatu usiku kwa sababu nilitaka picha ya usiku. Kumbe saa hiyo anga limeshazima kabisa, taa peke yake ndizo zenye nguvu, na kamera haiwezi kubeba vyote viwili: ukiokoa majengo taa zinaungua, ukiokoa taa majengo yanamezwa na giza. Siku hizi napiga wakati wa utusitusi, jua likiwa nyuzi 4 hadi 6 hivi chini ya upeo. Hapo buluu ya anga inakaribiana kwa nguvu na taa, na mapaa na nyaya za daraja zinajichora zenyewe. Karibu na ikweta jua huzama wima, takriban uzi 1 kila dakika 4, maana yake una dakika 8 au 9 tu, kuanzia kama dakika ya 13 baada ya machweo. Ukienda mbali na ikweta muda unarefuka. Kwa vyovyote vile, fika nusu saa kabla jua halijazama, chagua pembe yako kukiwa bado kweupe.

Sasa huko kukosa ukali. Niliilaumu lenzi hadi nikataka kuiuza. Jioni moja nikaegemea ukingo wa daraja, lori likapita, nikasikia chuma kinatetemeka mkononi. Daraja limejengwa liweze kucheza, na tripodi yako inacheza nalo! Shuka ukingoni mwa maji, simama kwenye ardhi. Kama pembe unayoitaka iko juu tu, subiri magari makubwa yapite, kisha fupisha muda wa kamera kupokea mwanga na upandishe ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga: ISO 100 kwa sekunde 8 ni mwanga uleule wa ISO 800 kwa sekunde 1. Chenga (vidoadoa kwenye picha) zitaongezeka kidogo, lakini heri chenga kuliko picha iliyotikisika.

Mipangilio yangu ya kuanzia ni ISO 100, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linapungua), sekunde 2 au 4, halafu naongeza muda kadiri giza linavyoingia. Zima kidhibiti mtikisiko kama lenzi inacho, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiiguse kamera, na fokasi ifanye kwa mkono: kuza picha kwenye skrini, lenga ukingo wa jengo lenye taa. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, maana taa za sodiamu ni za chungwa na za LED ni nyeupe, na rangi hizo utazisawazisha vizuri zaidi baadaye.

Usiamini skrini gizani. Macho yameshazoea kiza, kwa hiyo picha itaonekana angavu kuliko ilivyo. Angalia histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha.

Kuhusu maji, sekunde 15 na kuendelea huyalainisha, na taa zinazoakisiwa majini zinakuwa michirizi mirefu inayopendeza sana. Ukitaka taa zitoe miale kama nyota, funga lenzi hadi f/11 au f/16. Lenzi yenye bleti 8 (vipande vinavyofunga tundu lake) hutoa miale 8, yenye 7 hutoa 14. Zaidi ya f/16 mimi siendi, ukali wa picha nzima unaanza kupungua.

Na ukishapata pembe, usiihamishe tripodi. Piga kila dakika moja bila kuangalia sana. Nikifungua kompyuta, fremu ninayoichukua mara nyingi ni ile ambayo madirisha ndiyo kwanza yamewaka na buluu bado ipo nyuma ya minara.