Mbio za Kufunga Msimu: Aliye Polepole Atangulie

Klabu nyingi za kukimbia hapa Nairobi hufunga mwaka kwa namna moja. Watu wanapangwa mstarini, filimbi inalia, na ndani ya dakika tano kila mtu anajua nani atashinda. Wale watatu wa siku zote wanapotelea mbele, wa katikati wanakimbia kila mtu na lake, na wa nyuma wanafika wakati wenzao wameshamaliza chai na wanaulizana nani anaelekea mjini. Kama klabu yenu ni ya marafiki, ya walimu, wauza duka, watu wa ofisini na wastaafu walioamshana alfajiri mwaka mzima, nawasihi msiufunge msimu hivyo. Aliye polepole aondoke kwanza.

Sisi hukimbilia msitu wa Karura, kilomita 5, na hesabu yetu ni rahisi. Tuseme kuna anayetumia dakika 45 kumaliza, mwingine 38, mwingine 30, na hodari wetu 22. Wa dakika 45 anaondoka saa inapoanza kuhesabu. Wa 38 anaondoka ikifika dakika ya 7, wa 30 dakika ya 15, na yule wa 22 anabaki pale akinyoosha miguu mpaka dakika ya 23. Kwa karatasi, wote wanafika dakika ya 45. Kwa miguu mambo ni mengine, na hapo ndipo utamu ulipo: anayekata utepe kwanza ni yule aliyejishinda mwenyewe siku hiyo, awe na kasi ya aina gani.

Mtindo huu si mgeni. Kule Stawell, mji mdogo wa jimbo la Victoria nchini Australia, watu wamekuwa wakishindana kwa kupunguziana tangu 1878, na mbio zao kuu ni za mita 120 kwenye nyasi za bustani ya Central Park. Wao hupunguziana mita, aliye polepole akianzia mbele; sisi tunapunguziana dakika.

Kazi kubwa iko kwenye huo muda. Usimwulize mtu anakimbia kwa dakika ngapi, kwa sababu wengi hujidharau na wachache hujificha. Tumieni muda mlioupima wenyewe katika mazoezi ya wiki za mwisho, mchukue ulio bora kuliko yote, na mpime kwenye njia ileile ya mbio. Muda wa barabara ya lami hausemi lolote kuhusu udongo mwekundu wa Karura ulionyeshewa na mvua za vuli, unaoshika viatu mpaka vinakuwa vizito. Na kama kuna mwenzenu aliyehamia juzi kutoka Mombasa, mwongezeeni dakika mbili kwenye muda wake, ili aondoke mapema zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kifua kilichozoea pwani hakizoei hewa hii kwa wiki moja.

Mwaka jana aliyetangulia alikuwa mama mmoja mstaafu ambaye miaka yote huwa wa mwisho. Alikimbia peke yake msituni, njia nzima yake. Kwenye mwinuko wa mwisho tulimwona anatokea kwenye miti, na nyuma yake tukasikia viatu vya vijana vinapiga udongo, vingi kwa pamoja. Hakugeuka. Leso aliyojifunga kiunoni ilianza kulegea, akaikamata kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukaendelea kuvuta hewa, na klabu nzima ikawa inaita jina lake. Wawili tu ndio waliompita. Yule kijana wetu wa dakika 22 alifika wa saba, akaniambia hajawahi kufurahia mbio namna ile, maana safari hii alikuwa na mtu wa kumfukuza mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo moja la usalama ambalo mpango huu unalibadilisha. Katika mbio za kawaida mtu mmoja anatembea nyuma kufunga msafara, naye anajua hakuna aliyebaki. Hapa aliyeondoka mwisho si atakayefika mwisho, kwa hiyo anayeteguka mguu katikati anaweza kusahaulika kwa urahisi. Mmoja wenu azunguke njia nzima kwa baiskeli baada ya hodari kuondoka, na mezani awepo mtu mwenye orodha ya majina anayetia alama kila anayeingia. Asiondoke mtu yeyote mpaka kila jina lina alama.

Waandikieni wasimamizi wa msitu mapema, si wiki hiyohiyo. Alama za njia zichoreni kwa unga, msikate matawi wala kupaka rangi miti. Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni mwa Karura mnamo Januari 1999 wakipinga msitu huu kugawiwa wajenzi. Sisi tunaokimbia kivulini leo tuna deni. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya tangu Juni 2020, basi bebeni maji kwenye mitungi na kila mtu aje na kikombe chake. Ndizi, mandazi na nduma vifunikwe na vilindwe, kwa sababu kima wa pale hawasubiri kukaribishwa.

Zawadi? Kombe moja linalozunguka linatosha, pamoja na pongezi kwa aliyetumia dakika chache kuliko wote ukitoa zile alizosubiri. Pesa msiweke. Katika nchi hii, zawadi ya fedha ikitangazwa, hata ndogo, watakuja wakimbiaji wa kazi ambao hawajawahi kufanya zoezi hata moja nanyi, na si kosa lao, wanatafuta riziki. Badala yake changeni mnunue chai ya kutosha, na muda halisi wa kila mmoja uandikwe siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika. Orodha hiyo ndiyo mtakayoanza nayo Januari.