Kwa nini walitangaza theluji inchi 10 tukapata barafu

Mkuu, umeuliza kama watabiri wa hali ya hewa waliwadanganya watu wa Hartford, Connecticut, huku Marekani, maana walitangaza theluji inchi 10 mkaamkia inchi 3 zimefunikwa na barafu. Hawakudanganya. Mimi ni dereva wa semi, yaani lori la trela, nakaa Worcester, Massachusetts, na kipindi chote cha baridi nashuka New Jersey kwa barabara kuu ya I-84, inayopita Hartford. Kazi imenilazimisha kuyajua haya, kwa sababu kwenye theluji gari linatembea, kwenye barafu halishikiki.

Usiangalie baridi ya chini peke yake. Kwenye dhoruba hizi, karibu kila tone huanza kama theluji huko juu. Itakufikia ikiwa nini, hilo huamuliwa na hewa ya katikati. Dhoruba ikipanda kufuata pwani huvuta hewa ya joto, na hewa hiyo, kwa kuwa ni nyepesi, hupita juu ya ile baridi iliyotuama mabondeni. Basi kimo cha kama mita 1,500 unakuta nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, na wewe chini uko nyuzi 4 chini ya sifuri. Theluji ikiyeyuka nusu hapo katikati, huganda tena njiani na kukufikia kama punje ngumu zinazodunda kwenye kioo. Ikiyeyuka yote, na baridi ya chini ni tabaka jembamba, inashuka mvua ya kawaida kabisa. Inaganda pale tu inapogusa lami, tawi au waya. Hiyo ndiyo inayoua. Desemba 2008 mvua ya namna hiyo ilivunja miti kuanzia kaunti yetu ya Worcester hadi New Hampshire, na zaidi ya wateja milioni moja wa New England, yaani majimbo yetu ya kaskazini-mashariki, na wa jimbo la New York wakakosa umeme.

Sasa mwonee huruma mtabiri. Nyuzi moja tu ya joto huko juu inageuza kila kitu, na maputo ya kuipima hewa hiyo hurushwa kutoka vituo vilivyo mbali, kama Albany na Upton kule Long Island. Halafu kuna hesabu ya maji. Inchi 1 ya maji hutoa takriban inchi 10 za theluji, na kukiwa na baridi kali inafika hata 15. Maji hayo hayo yakishuka kama punje za barafu, hutoa inchi 2 au 3 tu. Kwa hiyo dhoruba yenu ilikuja na maji yake yote, ila saa chache za punje zilikula inchi zenu. Machi 14, 2017, jiji la New York lilikuwa limetangaziwa dhoruba kubwa ya theluji, punje zikaingia, bustani yake ya Central Park ikapata inchi 7.6.

Ninachofanya mimi: kwenye tovuti ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, nasoma maelezo marefu ya mtabiri wa zamu, kwa sababu humo anasema wazi ana uhakika kiasi gani. Kisha naangalia ramani mbili: ya kiwango cha chini cha theluji kinachotarajiwa na ya kiwango cha juu. Moja ikisema inchi 2 na nyingine 11, najua mpaka wa theluji na barafu unapita juu ya kichwa changu, na ile namba moja ya kwenye simu naachana nayo. Hewa ya joto nayo, kwa niliyoyaona barabarani, huwahi kuliko ilivyotabiriwa.

Saa za mwisho nafuata ripoti za miji ya kusini mwa Hartford, maana joto huanzia huko. New Haven wakianza kupata punje, na Meriden nayo ikageuka, sishuki tena Hartford. Nampigia dispacha, yule anayepanga safari zetu, naegesha.