Mnaoanza kufunga TV boksi, msiamini katoni

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kufunga TV boksi majumbani, vile viboksi vya Android vinavyochomekwa kwenye TV ili ionyeshe vitu vya intaneti, karibuni sana, ila ngoja niwape hasara yangu ili nyie msiilipie tena. Mwaka wa kwanza nilibeba boksi kumi kwa mkupuo Kariakoo, katoni imeandikwa 8K, RAM 8, memori 128, bei ya kutupa, nikajiona mjanja kumbe mimi ndo nimetupwa. Boksi la tatu nikalifunga Tabata kwa mama mmoja, kapakua app nne tu memori imejaa. Naingia settings inasoma 128 vilevile. Nikarudi nalo home nikafungua skrubu za chini, nikasoma namba ya chip ya memori kwa tochi ya simu, GB 8. Yani mfumo umechezewa usome uongo, kwahiyo hata hizo settings msiziamini.

Toka siku hiyo nikienda kuchukua mzigo natembea na flash yenye muvi za GB 20 hivi, kila faili chini ya GB 4 maana flash nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja zaidi ya hapo, nachomeka nakopi kwenye boksi mbele ya muuzaji. Kama linadai 128 afu linajaa kwenye muvi ya pili au ya tatu mrudishie palepale. Atanuna, mwache anune.

Lingine ni Android yenyewe. Kuna boksi lenye Android TV halisi iliyopitishwa na Google, na kuna lile lenye Android ya kawaida tu iliyovalishwa sura ya TV, kwa macho yanafanana kabisa ila weka Netflix ndo utajua. Boksi lisilo na kibali, hata app ikikubali kufunguka, picha mara nyingi inaishia 480p, yani ubora wa chini, sasa mteja ana TV ya 4K inchi 55 anaona ukungu, na akikasirika hawapigii Netflix, anakupigia wewe. Afu hizi za bei chee kuna zinazotoka kiwandani na virusi ndani kabisa, Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, vifaa vya majumbani zikiwemo TV boksi vinatumika kupitishia uhalifu kwenye intaneti ya mwenye nyumba bila yeye kujua. Kwahiyo boksi likikuambia uzime Play Protect, ile ulinzi ya Google inayokagua app mbaya, ndo liweke app za muvi za bure, achana nalo.

Ila kiukweli simu nyingi za "fundi boksi lako bovu" sio boksi. Ni intaneti. Netflix wenyewe wanashauri spidi ya Mbps 5 kwa full HD na 15 kwa 4K, na spidi hiyo ipimeni pale TV ilipo, sio mmesimama pembeni ya ruta mnachekelea. Ruta ipo chumbani, TV sebuleni, katikati kuta mbili za tofali, hapo Wi-Fi ya 5GHz inachoka, ya 2.4 inafika ila mtaa mzima upo humohumo. Mimi nikiona boksi lina tundu la waya wa netiweki navuta waya, mteja analalamika ukutani panachafuka, mwezi ukiisha ananishukuru.

Anayetumia hotspot ya simu mwambieni mapema, HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Mzee mmoja wa Mbagala alilala sirizi inaendelea yenyewe, asubuhi bando la GB 10 halipo, akanituhumu nimemwekea mtambo wa kumnyonya. Zimeni autoplay kabla hamjatoka kwa mtu.

Umeme nao. Msichomeke boksi kwenye USB ya TV kisa chaja imepotea, USB nyingi za TV zinatoa nusu ampea tu na boksi nyingi zinataka 5V ampea 2, litakuwa linajizima na kuwaka mpaka mteja aseme lina jini.

Kwa wanaotaka kupekua mitandao kwenye TV, uzeni na kakibodi kadogo kasikotumia waya. Kuandika kwa rimoti, herufi moja moja, ni adhabu, hata ile WebTV ya Marekani ya 1996, boksi la zamani la kupekulia intaneti kwenye TV, rimoti ilikuja nayo na kibodi ikauzwa pembeni, shida ni ileile.

Afu akaunti ya Google mwacheni mteja aingize yake mwenyewe. Mimi niliwahi kumwekea mtu yangu ili tumalize haraka, wiki nzima YouTube yangu inaniletea mieleka na taarabu, na yeye sebuleni na familia yake anaona kila ninachotafuta usiku.